Andazi Hufuata Sarafu

Chukua kilo moja ya unga wa ngano. Ukande kwa sukari, hamira, iliki na tui la nazi, uache uumuke, kisha ugawe madonge sita. Kila donge likisukumwa duara na kukatwa msalaba, unapata maandazi manne ya pembe tatu. Jumla ishirini na manne. Sasa unga umepanda shilingi 240 kwa kilo, yaani kila andazi limeongezeka gharama ya shilingi kumi. Kwenye daftari la mhasibu jambo hilo halina uzito: lililokuwa linauzwa 200 liuzwe 210, maisha yaendelee. Lakini mama aliyekaa na beseni lake kituoni Mbagala saa kumi na mbili asubuhi hawezi kumwambia mteja mia mbili na kumi. Hiyo kumi itatoka wapi? Mteja hana, yeye mwenyewe hana ya kurudisha, na konda ameshagonga bodi. Bei inabaki mia mbili. Usiku unaofuata, katika kilo ileile, yanatoka madonge saba.

Msomaji mwepesi wa hesabu ameshaona kwamba maandazi manne ya ziada yanamwingizia mama huyo shilingi 800, wakati unga ulimpunguzia 240 tu. Ni kweli. Iliyobaki anaiweka kwa ajili ya sukari, ambayo zamu yake ya kupanda iko njiani.

Vitafunwa vyetu havipandi bei kama petroli inavyopanda, shilingi kwa shilingi. Huanza kwa kukonda. Hukonda kwa miezi, pengine kwa miaka, mpaka wateja waanze kunung'unika waziwazi. Hapo ile sarafu iliyokuwa ikinunulia andazi inakufa, bei inaruka ngazi nzima, na andazi linanenepa tena kwa wiki mbili tatu kabla ya kuanza kukonda upya. Anayetaka kujua andazi la utotoni mwake lilikwenda wapi, aifuate sarafu.

Tuanzie mbali kidogo. Karne ya kumi na tisa ikielekea mwisho, pwani yetu ilihesabu kwa fedha za India. Rupia moja ilikuwa pesa 64, na pesa, kipande cha shaba, ndiyo iliyotumika kwa vitu vya kula ukiwa umesimama. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilifuta hesabu ya 64 na kuigawa rupia katika Heller 100. Watu wakaitamka hela. Wajerumani wakatawala, wakapigana, wakazidiwa. Mwaka 1916, walipokuwa wamezingirwa na sarafu za kutoka kwao haziji tena, walizifua wenyewe Tabora. Kisha wakaondoka, neno likabaki. Leo mtu anaposema hana hela, anasema kwa lugha ya dola iliyoanguka zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

Waingereza walileta shilingi ya Afrika Mashariki mwaka 1921, yenye senti 100. Sarafu za senti moja, tano na kumi zilikuwa na tundu katikati na pembe mbili za ndovu zikilizunguka. Tundu lilikuwa na faida yake, kwani sarafu zilitungwa kwenye kamba kama dagaa na kufungwa kiunoni, au zikafundikwa kwenye pindo la khanga. Zilidumu miaka mingi. Mtu angeweza kununua kitafunwa akiwa mtoto na kuja kumnunulia mwanawe kwa sarafu ileile, yenye tundu lilelile.

Hata hivyo kudumu kwa sarafu hakukuwa na maana ya kudumu kwa chakula. Mwaka 1942 jeshi la Japani liliiteka Burma, na Unguja ilikuwa inakula mchele wa Burma. Kitumbua kinaanza na mchele uliolala ndani ya maji usiku kucha. Mchele usipokuja, hakuna ujanja wa chuma wala tui utakaokiokoa. Serikali ya kikoloni iliweka mgao, na mgao wenyewe ukafuata asili ya mtu: mchele na ngano vilielekezwa kwanza kwa Wahindi na Waarabu, Mwafrika akaachiwa mahindi na muhogo. Visiwani jambo hilo halikusahauliwa haraka, wala halikustahili kusahauliwa haraka.

Vita vilipokwisha, upungufu wa mafuta ya kula huko Uingereza ulituletea kichekesho kikubwa kuliko vyote katika historia ya karanga. Kuanzia mwaka 1947 serikali ya London ilimwaga mamilioni ya pauni Kongwa, Urambo na Nachingwea ili ilime karanga za kukamua mafuta. Matrekta yakafa, ardhi ya Kongwa ikakauka na kuwa ngumu kama saruji, na mwaka 1951 mpango ukazikwa. Karanga zilizonunuliwa kwa mbegu zilikuwa nyingi kuliko zilizovunwa. Muuza karanga wa Dodoma, mwenye kikapu na kikopo chake cha kupimia, alikuwa anaijua biashara hiyo vizuri zaidi ya ofisi nzima, ila hakuulizwa.

Juni 1966 Benki Kuu ya Tanzania ilifungua milango na sarafu zetu wenyewe zikatoka: senti tano yenye samaki, senti ishirini yenye mbuni, senti hamsini yenye sungura, na shilingi moja yenye mkono ulioshika mwenge. Hamsini iliendelea kuitwa thumuni au sumni, jina la zamani lililogoma kufa. Wazee wanaokumbuka miaka ile hukutajia andazi la senti kumi kama mtu anavyomtaja ndugu aliyehamia nchi za mbali. Senti kumi yenyewe haikuwamo kwenye seti ile ya kwanza. Ulilipa kwa samaki wawili. Ilikuja mwaka 1977 ikiwa na punda milia, na ukingo wake una mawimbi kama biskuti. Ninayo moja mezani ninapoandika. Ni sarafu nzuri kuliko zote tulizowahi kuwa nazo, na ilikuja kwa kuchelewa, wakati senti kumi ilikuwa tayari inaishiwa na vitu vya kununua.

Katikati hapo mambo yalikuwa yameharibika. Mwaka 1973 bei ya mafuta ya petroli ilipanda dunia nzima, na miaka miwili iliyofuata ukame ukaifanya nchi iagize nafaka kutoka nje kwa fedha ambazo haikuwa nazo. Serikali ilijibu kwa sheria. Tume ya Bei, iliyoundwa mwaka huohuo wa 1973, ilipewa kazi ya kupanga bei za bidhaa zaidi ya elfu moja, kuanzia sukari na unga hadi sabuni na betri. Nia ilikuwa njema: mlaji asinyonywe. Lakini bei ni kama maji ndani ya mpira. Ukibana hapa, yanatokea kule. Unga wa bei ya serikali ulikuwapo kwenye tangazo, dukani haukuwapo. Uliokuwapo ulipatikana uani, kwa bei ya mlanguzi.

Hapo andazi likapatwa na jambo jipya. Zamani lilikonda. Sasa lilianza kutoweka, na liliporudi lilirudi limevaa nguo za kuazima. Ngano ilipokosekana, watu walichanganya na kile kilichokuwapo, unga wa muhogo au wa mahindi ya msaada, yale ya njano yaliyotoka ng'ambo na kubatizwa unga wa Yanga kwa sababu ya rangi ya jezi ya timu hiyo ya mpira. Sukari ilipokosekana, sukari guru ilichukua nafasi yake na andazi likawa jeusi kabla hata ya kuingia kwenye mafuta. Na mafuta yenyewe yalikaangiwa, yakachujwa, yakakaangiwa tena, mpaka yakafanana na oili ya gari.

Ngano ina hadithi yake hapa. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, serikali ilikuwa ikilima ngano kwa matrekta kwenye nyanda za Basotu, Hanang, mashamba ambayo hatimaye yalifikia karibu ekari 100,000. Ardhi hiyo ilikuwa malisho ya Wabarbaig, waliokwenda mahakamani kuidai. Kwa muda fulani mkate wa Dar es Salaam ulikuwa na ngano ya nyumbani ndani yake. Lakini matrekta yalitaka vipuri, vipuri vilitaka dola, na Wakanada walipofunga mizigo yao mwanzoni mwa miaka ya 1990 mashamba yale yalianza kufifia. Leo nchi inahitaji zaidi ya tani milioni moja za ngano kwa mwaka, na inayolimwa hapa haifiki hata robo. Msomaji aukumbuke mkono huo wa nje, unaoleta iliyobaki. Utarudi.

Mama yangu mkubwa alikuwa anakaa Ilala. Mumewe alifanya kazi katika kiwanda cha serikali, kazi ya heshima, yenye kadi ya matibabu na basi la kuwachukua asubuhi. Kwa miaka mingi maandazi aliyopika nyumbani yalikuwa ya kifungua kinywa na ya wageni. Kuuza lilikuwa jambo la watu wengine. Halafu vikaja vita vya Kagera mwishoni mwa 1978, hazina ikakauka, na kufikia mwaka 1984 mfumuko wa bei ulifika asilimia 36. Mshahara wa baba mkubwa ulibaki pale pale ukitazama bei zinavyompita. Siku moja beseni la kufulia likasuguliwa kwa majivu likang'aa, likafunikwa kitambaa cheupe, na likatoka nje hadi barazani. Hakuna aliyetangaza lolote. Baba mkubwa alipita karibu nalo akienda kazini kana kwamba halipo.

Alikuwa ameanza mwaka 1983, nao haukuwa mwaka mzuri wa kuanza biashara. Machi mwaka huo msako dhidi ya wahujumu uchumi ulipita nchi nzima, watu wakazika sabuni na kumwaga mafuta chooni ili wasikutwe nayo. Baadaye ikaja Sheria ya Nguvukazi, iliyowataka wasio na kazi inayotambulika waondolewe mijini wakalime, na wauzaji wadogo wa Dar es Salaam wakawa wanakimbizana na mgambo. Mama mkubwa aliogopa, lakini alipiga hesabu: beseni lilikuwa linaleta nyumbani zaidi ya kiwanda. Hesabu hiyo haikuwa yake peke yake. Mtafiti wa Kimarekani Aili Mari Tripp, aliyezunguka mitaa ya Dar es Salaam mwishoni mwa miaka hiyo ya 80, alikuta familia nyingi zikiishi kwa miradi midogomidogo huku mshahara ukimalizika baada ya siku chache tu za mwezi. Mradi ndilo lilikuwa neno la heshima. Karani wa wizara hakuwa muuza maandazi. Mkewe alikuwa na mradi.

Kwa hiyo bei zilipopanda zilipunguza andazi na papo hapo zikazaa wapika andazi. Walipokuwa wengi mtaani, hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kupandisha bei, kwa sababu jirani wa nyumba ya tatu alikuwa na beseni pia. Ushindani ukahamia kwenye umbo. Mama mkubwa alikuwa anasukuma duara lake kwa kulipimia sahani ya wali. Mambo yalipokaza alihamia sahani ya chai. Lakini kukata msalaba hakuacha kamwe, akisema mteja hapimi andazi kwa mizani, anahesabu pembe. Akaongeza hamira, andazi likavimba vizuri, likapendeza kulitazama, na ukiling'ata katikati unakuta hewa.

"Mama, andazi lako limepungua," kijana mmoja alimwambia asubuhi moja.

"Limepungua andazi au imepungua shilingi, mwanangu?"

Kijana alicheka, akanunua mawili.

Jibu lilikuwa la pili. Bajeti ya 1984 ilianza kulegeza kamba, ikiruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni kuingiza bidhaa bila kuulizwa amezipata wapi. Mwinyi alichukua urais Novemba 1985, na katikati ya mwaka 1986 nchi ilikubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa. Dola iliyokuwa kama shilingi 17 ikawa 40, na kufikia mwisho wa 1990 ilikuwa inakaribia 200. Maduka yalijaa. Sukari nyeupe, unga mweupe, mafuta ya kopo, vyote vilirudi, na wanaomwita Mzee Ruksa kwa mapenzi wanakumbuka hilo. Andazi likarudisha rangi yake. Kilichokufa ni sarafu.

Zilikufa haraka mno. Samaki, punda milia na mbuni waliacha kutumika katikati ya miaka ya 80, sungura akawafuata. Shilingi ya mwenge, iliyokuwa fedha ya maana mkononi mwa mtoto wa 1970, ikawa ya kuchezea bao. Shilingi tano ilikuwa na jina lake, dala, na wengi husema ndilo lililozaa daladala, kwa kuwa hiyo ndiyo ilikuwa nauli mabasi ya watu binafsi yalipoanza; jina limebaki barabarani, sarafu imetoweka. Ikaja ya kumi mwaka 1987, ya ishirini yenye tembo mwaka 1990. Zikafuata ya mia, ya hamsini mwaka 1996, na ya mia mbili mwaka 1998. Kila moja ilipoingia, vitafunwa vilikimbilia kuishika. Andazi la shilingi tano likawa la kumi, la kumi likawa la ishirini, na kabla mtoto aliyeanza darasa la kwanza na dala mfukoni hajamaliza la saba, alikuwa ananunua andazi la hamsini. Kila ngazi ilileta unene wa siku chache. Wapishi wenye akili waliutumia unene huo kama tangazo: bei mpya, andazi jipya. Baada ya mwezi sahani ya chai ilikuwa imerudi mezani.

Miaka hiyo ndiyo pipi zilipogeuka fedha. Sarafu ndogo zilikuwa adimu, mwenye duka hana chenji ya kumi, anakupa pipi mbili au kijiti cha kiberiti. Mtoto aliyetumwa sukari alifurahi. Mama yake aliyemtuma hakufurahi. Nilijaribu siku moja kumlipa mwenye duka kwa pipi zake mwenyewe, nilizozikusanya wiki nzima, ili anipe hafu keki. Alizikataa. Kumbe zilikuwa fedha kwa kwenda upande mmoja tu.

Si vitafunwa vyote vinavyoweza kujificha kama andazi. Karanga zinahesabika, na ukipunguza kikopo mteja anaona. Ndiyo maana muuza karanga alibadilisha kikopo chenyewe, akapata chenye kitako kilichobonyea ndani. Mshikaki ulipata njia ya adabu zaidi. Kijiti kilibaki na urefu wake, vipande vya nyama vikaachana kidogo, na kipande cha kitunguu au pilipili hoho kikaja kukaa katikati kana kwamba ni urembo. Muhogo wa kukaanga ulipunguzwa unene, lakini kachumbari na pilipili viliendelea kuwa bure. Nimeliona hili mahali pengi: cha bure ndicho kinachokatwa mwisho kabisa, kwa sababu mteja husamehe andazi dogo kuliko anavyosamehe kunyimwa pilipili. Kashata za nazi zilipata shida kubwa kuliko zote. Hazina unga wa kuvimbisha wala hewa ya kuficha. Ni nazi na sukari tu, na vyote viwili vilipanda. Zilikatwa ndogo mpaka zikafanana na vidonge, kisha katika mitaa mingi zikakoma.

Nazi ilitoka pia kwenye andazi, kimyakimya. Kuna kizazi kizima cha Dar es Salaam kinachodhani andazi la tui ni chakula cha Ramadhani au cha hotelini. Iliki ilitoka, ikarudi kwa harufu ya chupa. Mtu wa Tanga au Pemba atabisha kwamba kwao bado ipo. Namkubalia, na ninaomba anialike.

Kenya hadithi ni hiyohiyo kwa sarafu nyingine. Ndururu, yaani senti tano, na peni ya senti kumi zilikuwa za watoto. Kisha mwaka 1993, baada ya fedha kumwagwa sokoni wakati wa uchaguzi na kashfa ya miaka hiyo, mfumuko ulifika karibu asilimia 46 na senti zikabaki za makumbusho. Mandazi ya Nairobi yalikaa kwenye shilingi tano kwa muda mrefu sana, yakikonda, kwa kuwa ngazi inayofuata ni kumi na hakuna anayependa kutangaza kwamba bei imeongezeka maradufu. Wakenya pia wametoa jina kwa jambo ambalo sisi tunalifanya bila kulitaja: uchumi wa kadogo, mafuta ya kumi, sukari ya ishirini, sabuni iliyokatwa kwa uzi. Kiwanda kikubwa kinachotoa pakiti ndogo zaidi kwa bei ileile kinafanya alichofanya mama mkubwa na sahani zake, isipokuwa kina wanasheria.

Huku kwetu miaka ya 2000 ilianza kwa utulivu, mfumuko ukiwa asilimia sita hivi, na kwa mara ya kwanza baada ya robo karne andazi lilikaa kwenye sarafu moja kwa miaka kadhaa. Mashine za kusaga ngano za watu binafsi zilikuwa zinafanya kazi, unga wa pakiti ukawa kitu cha kila duka. Mwaka 2011 ukavuruga: ukame, mabwawa yakashuka, umeme ukawa wa mgao, na Desemba mfumuko ukafika asilimia 19.8. Andazi la mia likaanza kukonda. Mwaka 2014 noti ya mia tano ikageuzwa sarafu, yenye nyati, na vijana wakaendelea kuiita jero kama walivyoiita noti. Chipsi, chapati na soda vikaizunguka. Juni 2019 mifuko ya plastiki ikapigwa marufuku, hatua nzuri kwa mitaro yetu, na karanga zikarudi kwenye karatasi ya daftari la shule, ambayo angalau unaweza kusoma ukimaliza.

Kisha mwaka 2022, na ule mkono wa nje niliotaja. Februari Urusi iliivamia Ukraine, nchi mbili zinazolisha dunia ngano nyingi, na bei ikapaa Dar es Salaam kabla ya meli yoyote kukosekana bandarini. Mafuta ya kula yalikuwa yameshaanza kupanda. Tarehe 28 Aprili Indonesia, inayoongoza duniani kwa mawese, ilizuia kuyauza nje. Zuio lilidumu chini ya mwezi mmoja, lakini lilitosha kufika hadi kwenye karai la Mbagala. Unga na mafuta kwa pamoja: andazi halina kiungo cha tatu cha kukimbilia ila sukari. Na sukari ikasubiri zamu yake. Mwishoni mwa 2023 mvua za El Niño zililoanisha mashamba ya miwa na viwanda vikashindwa kuvuna. Januari 2024 Bodi ya Sukari ilitangaza bei elekezi ya shilingi 2,700 hadi 3,200 kwa kilo kutegemea mkoa, wakati huo madukani watu wakiuziwa 4,000 na zaidi. Aliyekuwa na umri wa kukumbuka Tume ya Bei alitabasamu bila furaha.

Ungedhani simu ingemaliza tatizo la sarafu. Fedha za mtandaoni hazina punda milia wala kifaru. Mtu anaweza kutuma shilingi 210 kamili bila kumsumbua yeyote kwa chenji. Mama wa Mbagala ana namba ya kulipia, imeandikwa kwa kalamu ya rangi kwenye kipande cha boksi na kuegemezwa kwenye ndoo. Nilimuuliza kwa nini basi asiuze 210. Alinitazama kama mtu anayemtazama mgeni. Nani, alisema, atatoa simu kwenye kituo cha daladala saa kumi na mbili asubuhi, na giza bado lipo, kwa ajili ya andazi? Wanaolipa kwa simu wananunua ya elfu mbili, ya ofisi nzima. Hao huwaongezea moja juu.

Maandazi yake siku hiyo yalikuwa ya mia mbili, na alikuwa anafikiria mia tatu. Inahitaji sarafu mbili, ya simba na ya swala, na jambo hilo lilikuwa linamkera, kwa kuwa mteja mwenye sarafu mbili mkononi hupata nafasi ya kufikiri. Mwenzake wa ng'ambo ya barabara ameruka moja kwa moja hadi jero: andazi kubwa, la tui, kama la zamani, analifunga kwenye karatasi. Linanunuliwa na wenye magari.

Sarafu ya shilingi hamsini, yenye kifaru na mtoto wake, bado ni fedha halali nchini Tanzania. Kama unayo ndani ya kopo nyumbani, nenda nayo kwa mama wa maandazi kesho asubuhi, uone atakukatia pembe ngapi.